Waulizeni na Waliosalimika

MUULIZE BWANA AFYA

*Bwana Afya, asalaam aleikum. Jumamosi mbili zilizopita tulimsomea marehemu baba yetu khitma hapa Majengo. Kisomo kilipokwisha, mnamo saa 7 mchana, wageni wapatao 150 walipakuliwa biriani ya kuku, kachumbari, ndizi na sharubati ya ukwaju. Ilipofika saa 10 watu walianza kutapika, na kufikia Magharibi majirani walikuwa wakikimbizwa hospitalini kwa tuktuk. Kwa rehema za Mungu hakuna aliyefariki. Aliyepika ni shangazi yetu, ambaye kwa zaidi ya miaka thelathini ndiye anayeitwa kila penye shughuli mtaani. Sasa wako wanaosema kuku walikuwa vibudu, wako wanaosema mkono wa mtu umepita, na wako wanaosema shangazi amezeeka na usafi umemshinda; naye tangu siku ile hatoki nje. Linalotutatiza ni kwamba sisi wa jikoni tulikula biriani ile ile na hatukudhurika, ilhali watoto wa dada yangu huko Bamburi, ambao hawakuhudhuria, waliumwa usiku baada ya kula walichofungiwa. Masufuria tuliyaosha na mabaki tukayamwaga. Je, bado inawezekana kujua ni chakula gani kilichowadhuru watu? Na tukiwaita watu wa afya wa kaunti, hatutakuwa tumemtia shangazi matatani?*
*Binti wa marehemu, Majengo*

Waaleikum salaam, dada yangu. Pole kwa msiba na pole kwa yaliyoufuata. Barua yako nimeisoma mara tatu, kwa sababu ndani yake, pengine bila ya kukusudia, umeshaandika sehemu kubwa ya uchunguzi wenyewe.

Ndiyo, bado inawezekana, ijapokuwa masufuria yameoshwa. Mabaki ya chakula yangetusaidia sana, na mara nyingine likitokea jambo kama hili, Mungu aepushe, msimwage kitu. Wekeni kiasi cha kikombe kimoja cha kila chakula katika chombo safi chenye kifuniko, kiandikwe jina na saa, kisha kiingizwe ndani ya friji mpaka afisa aje akichukue. Lakini ushahidi mwingi wa sumu ya chakula haukai ndani ya sufuria. Unakaa vichwani mwa watu: nani alikula nini, saa ngapi, na aliumwa saa ngapi. Ushahidi huo nao huchacha kama wali, na wiki mbili tayari ni nyingi, kwa hiyo anzeni wiki hii hii.

Tuanze na saa. Wageni walikula saa 7, na wa kwanza walitapika saa 10. Hizo ni saa tatu tu. Vimelea vinavyohitaji kwanza kuzaliana ndani ya utumbo wa mtu ndipo vimdhuru haviwezi kuwatapisha watu wengi kwa muda mfupi kama huo. Matapishi yanayoanza kati ya saa moja na saa sita baada ya kula huashiria, mara nyingi, kwamba sumu ilikuwa imeshatengenezwa ndani ya chakula kabla hakijapakuliwa. Wanaojulikana zaidi kwa kazi hiyo ni bakteria wawili. Mmoja ni Staphylococcus aureus, anayeishi puani, kwenye ngozi na ndani ya majipu na vidonda. Wa pili ni Bacillus cereus, ambaye mbegu zake zimo udongoni na ndani ya mchele mkavu, hazifi kwa kuchemshwa, na huamka wali unapokaa na uvuguvugu kwa saa nyingi. Sumu ya kutapisha ya bakteria hawa wote wawili haiondoki kwa kupashwa moto, na ndiyo maana mtu anaweza kula chakula kinachotoa mvuke na bado akadhurika.

Lau watu wangeanza kuugua usiku wa manane, kwa msokoto wa tumbo na kuharisha bila kutapika sana, ningeuliza habari za mchuzi na nyama iliyopoa polepole ndani ya sufuria kubwa, kwa sababu bakteria aitwaye Clostridium perfringens huchukua kati ya saa 6 na 24. Na lau wangeugua siku ya pili wakiwa na homa, ningemshuku bakteria aitwaye Salmonella, ambaye hupatikana sana kwa kuku na mayai. Kwa hiyo habari ya vibudu haioani na saa ulizoniandikia. Ama habari ya mkono wa mtu, sumu kama dawa za wadudu humwachia mgonjwa alama ambazo daktari huziona: mate kutiririka, jasho jingi, mboni za macho kusinyaa, misuli kutetemeka. Waulizeni waliowatibu wagonjwa wenu kama waliziona. Ikiwa hawakuziona, basi mtaa uache kumtafuta mbaya wake.

Sasa nije kwenye jambo ninalotaka ulishike kuliko yote. Watu wakiumwa shughulini, ada yetu ni kuwakusanya walioumwa na kuwauliza walikula nini. Wote watajibu biriani, na papo hapo biriani itahukumiwa pamoja na aliyeipika. Lakini katika khitma, nani asiyekula biriani? Hata waliorudi makwao salama waliila. Kuwauliza wagonjwa peke yao ni kusikiliza kesi upande mmoja. Waliosalimika ndio mashahidi wa upande wa pili, na pasipo wao hakuna hukumu ya haki.

Nitakupa mfano ambao wanafunzi wa fani hii hufundishwa hadi leo. Tarehe 18 Aprili 1940, waumini wa kanisa moja katika kijiji cha Lycoming, wilaya ya Oswego, jimbo la New York nchini Marekani, walikula chakula cha jioni pamoja, na usiku ule wengi wakaugua. Waliohudhuria walikuwa 80, wachunguzi wakafanikiwa kuwahoji 75, wazima kwa wagonjwa, na kati yao 46 walikuwa wameumwa. Walioila nyama ya kuoka walikuwa 46, wakaumwa 29, yaani asilimia 63. Hapo mtu angesema basi ni nyama. Lakini kati ya 29 ambao hawakuigusa nyama hiyo waliumwa 17, yaani asilimia 59. Ale asile, hali ilikuwa karibu moja. Nyama haikuwa na hatia. Walipofika kwenye aiskrimu ya vanila, mambo yaligeuka: walioila walikuwa 54 wakaumwa 43, asilimia 80, na kati ya 21 ambao hawakuila waliumwa 3 tu, asilimia 14. Tofauti kama hiyo ndiyo inayotafutwa. Ilipofuatiliwa ilivyotengenezwa, ilionekana kwamba mchanganyiko wake wa maziwa na mayai ulilala usiku kucha katika chumba cha chini cha kanisa bila kuwekwa kwenye baridi.

Tazama pia kwamba watu 11 waliila aiskrimu ile wasipate lolote, na watatu ambao hawakuila wakaumwa. Sumu haisambai sawasawa ndani ya chombo, matumbo ya watu hayafanani, na wengine husahau walichokula. Kwa hiyo mtu asiwababaishe kwa kusema, "Mimi nilikula na ni mzima." Hesabu ya wote ndiyo inayosema.

Chukueni daftari, kila mtu apewe mstari wake. Kwanza kubalianeni ni nani ahesabiwe mgonjwa. Kwa khitma yenu ningesema ni yeyote aliyetapika, au aliyehara mara tatu au zaidi, ndani ya saa 24 baada ya kula chakula cha khitma, popote alipokilia, ili watoto wa Bamburi nao waingie. Kisha andikeni umri, alikaa upande wa wanaume au wa wanawake, alikula saa ngapi, alianza kuumwa saa ngapi na kwa dalili gani. Halafu tajeni kila chakula kwa jina lake, kimoja kimoja, aseme alikila au hakukila. Msimuulize mtu, "Unadhani ni nini kilichokudhuru?" kwa maana hapo mtakusanya porojo za mtaa badala ya kumbukumbu zake.

Na hapa nawaomba muwe waangalifu, kwa sababu biriani yetu ya Mombasa si chakula kimoja. Wali wake hupikwa mbali na masala yake, hutoka sufuria tofauti, pengine kwa mikono tofauti. Wali uwe na safu yake daftarini, masala yawe na safu yake. Tena sisi hula kwa sinia, watu wanne watano pamoja, hivyo wa sinia moja hufanana mno na ni vigumu kutenganisha chakula na chakula. Watafuteni wale waliokula tofauti na wenzao: mwenye sukari aliyechukua kuku akaacha wali, mzee mwenye vidonda vya tumbo asiyegusa kachumbari, mtoto aliyekunywa sharubati tu akakimbilia kucheza. Mtu mmoja wa namna hiyo ana faida kuliko kumi waliokula kila kitu.

Mashahidi wawili bora umeshanitajia mwenyewe. Wa kwanza ni nyinyi wa jikoni. Mlikula saa ngapi? Kama mlikula asubuhi, wali ulipoepuliwa, hamkula chakula kile kile walichokula wageni saa 7, hata kama sufuria ni moja. Mlikula kabla sumu haijapata muda wa kutengenezwa. Wa pili ni watoto wa Bamburi. Mama yao aseme walifungiwa nini hasa. Kama ni wali na masala peke yake, basi kachumbari na sharubati karibu zimeshajitoa. Na kama walianza kutapika saa mbili tatu baada ya kula, nao pia wanashuhudia sumu iliyokuwemo tayari.

Baada ya hapo, mtu mmoja anayeheshimiwa na shangazi akae naye kwa upole, na shangazi amsimulie siku yote kuanzia alfajiri. Swali la "Ulikosea wapi?" lisitajwe. Aulizwe mchele ulioshwa saa ngapi, uliingia motoni saa ngapi, ukachujwa ukawekwa wapi, ukafunikwa kwa kitu gani, na ulikaa hapo kwa muda gani kabla ya kupakuliwa. Nimeingia jiko nyingi za shughuli na picha ni ile ile: lundo la wali ndani ya beseni pana, limefunikwa mfuniko na juu yake kanga mbili, na anayelitazama huona fahari ya mpishi aliyemaliza kazi mapema. Ukiingiza mkono katikati yake saa nne baadaye, huukuti moto wala baridi, bali uvuguvugu wa uji wa mtoto. Uvuguvugu huo ndio bakteria wanaoupenda. Chakula kilichopikwa kinatakiwa kikae juu ya nyuzi 60 za Selsiasi au chini ya nyuzi 5, na Shirika la Afya Duniani linashauri kisiachwe kwa zaidi ya saa mbili katika joto la kawaida la chumba, sembuse joto la jiko la Majengo. Wali wa watu sita hupoa upesi ukitandazwa. Wali wa watu 150 hujitunzia joto lake lenyewe mchana kutwa. Inawezekana shangazi hakubadilisha chochote katika mapishi yake ya miaka thelathini, ila wageni walikuwa wengi zaidi na kisomo kikachelewa kwa saa mbili. Kama kuku walichambuliwa kwa mikono baada ya kupikwa, hilo nalo liulizwe, na kama yupo msaidizi aliyekuwa na kidonda au jipu mkononi. Wala kukutwa na Staphylococcus puani si dalili ya uchafu, maana takriban mtu mmoja katika kila watatu wenye afya njema anao.

Kuhusu kaunti, waiteni. Tangu Katiba ya 2010, huduma za afya za mashinani ni jukumu la kaunti, na maafisa wake wamepewa uwezo wa kuchunguza na Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, na ile ya Chakula, Dawa na Kemikali, Sura ya 254. Wana maabara msiyokuwa nayo, na wanaweza kufika hospitalini kuuliza majibu ya vipimo vya wagonjwa wenu. Anayepika kwa biashara wanamdai leseni na vyeti vya afya, na haki yao. Mwanamke aliyempikia ndugu yake khitma kwa mapenzi, katika miaka yangu yote ya kazi sikuona aburutwe mahakamani kwa wali uliopoa polepole. Nimeona, lakini, wapishi walioishi na tuhuma hadi mwisho wa umri wao kwa sababu hakuna aliyechunguza.

*Bwana Afya, katika futari ya chama chetu Likoni tulikula jodari wa kukaanga. Haikupita nusu saa, tisa kati yetu tulikuwa wekundu usoni, vichwa vinagonga, mwili unawasha na moyo unakwenda mbio. Zahanati ilituambia ni mzio wa samaki. Sote tisa kwa pamoja? Mimi nimekula jodari tangu utotoni.*
*Mwanachama, Likoni*

Shaka yako ina msingi, ndugu yangu. Mzio ni wa mtu na mwili wake, na ni shida kuwapata tisa kwa mara moja mezani. Mlichoeleza kinafanana na sumu ya histamini. Jodari, vibua na samaki wa jamaa yao wana kiasi kikubwa cha histidini, moja ya chembe zinazojenga protini, nyamani mwao, na wasipotiwa barafu mara tu wanapotoka majini, bakteria huigeuza ikawa histamini, ambayo ndiyo kemikali ile ile mwili unaoitoa wakati wa mzio; hivyo dawa za mzio husaidia na dalili huelekea kwisha ndani ya saa chache au siku moja. Kukaanga hakuiondoi, kugandisha hakuiondoi, na samaki anaweza asinuke kabisa, ingawa wengine huhisi ulimi ukiwasha kama waliotafuna pilipili manga. Jambo hili lina faida kwenu kulijua, kwani mtu aliyeandikiwa mzio huenda akajinyima samaki maisha yake yote bila sababu.

Anayechunguza hapa hana haja kubwa ya kukaa jikoni. Afuate samaki kinyumenyume: nani aliuza, alinunua wapi, alivuliwa saa ngapi, barafu ilikuwepo kuanzia chomboni au ilitiwa sokoni jua lilipokwisha kufanya kazi yake. Na aliyebakiza kipande sahanini asikitupe, kwa kuwa histamini hutofautiana samaki na samaki, hata kipande na kipande cha samaki mmoja.

*Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii, Jomvu. Kulikuwa na harusi Ijumaa. Jumapili wawili walianza kuharisha maji matupu, Jumatatu watano, leo Jumatano wamefika kumi na mmoja, na wawili kati yao hata harusini hawakuwepo. Familia inasema chakula cha Ijumaa hakiwezi kumwangusha mtu Jumatano. Nianzie wapi?*
*Mhudumu, Jomvu*

Kabla hujamaliza kusoma jibu hili, mwanangu, mpigie simu afisa wa afya wa wadi yako, kama hujampigia. Kuharisha maji matupu kwa watu wazima wanaozidi kila siku kuchukuliwe kuwa kipindupindu mpaka maabara iseme vinginevyo. Nacho huchukua kuanzia saa chache hadi siku tano, kwa hiyo familia haina hoja. Mwaka 2017 kilizuka miongoni mwa watu waliohudhuria mkutano katika hoteli moja jijini Nairobi. Hakichagui harusi ya Jomvu wala ukumbi wenye viyoyozi. Wagonjwa waanze kunywa ORS, ile dawa ya pakiti ya chumvi na sukari inayokorogwa kwa maji, sasa hivi, na isipopatikana, lita moja ya maji salama itiwe vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Anayelegea, asiyekojoa au mwenye macho yaliyozama apelekwe hospitalini mara moja. Sampuli ya choo ichukuliwe kabla hajapewa dawa za kuua bakteria, ila matibabu yasicheleweshwe kwa kungojea majibu.

Kisha chora kwa chaki ukutani: siku chini, na kila mgonjwa mraba mmoja juu ya siku aliyoanza kuumwa. Sumu ya mlo mmoja hutoa kilima kimoja kinachopanda na kushuka upesi, kama kile cha dada wa Majengo hapo juu. Mchoro wako unazidi kupanda, na una watu wawili ambao hawakuwepo harusini. Hao wawili ndio uanze nao. Wanakaa na mgonjwa? Waliwauguza wenzao? Au wanachota maji mahali pamoja na nyumba ya harusi? Mombasa huletewa maji kutoka mbali, Mzima na Baricho, na mifereji inapokauka watu huishi kwa mitungi ya mkokoteni na visima, vingine hatua chache tu kutoka shimo la choo. Uliza maji ya siku ile yalinunuliwa kwa nani, yakatiwa katika pipa gani, na kama ndiyo yaliyotumika kwa sharubati, kwa kuoshea kachumbari na kwa kunawia mikono kabla ya kula. Uliza barafu ilitoka wapi. Watu huisahau barafu kwa sababu hawaihesabu kuwa chakula. Waulize majumbani pia waliohudhuria wakabaki wazima: huenda ukakuta walikunywa soda na maji ya chupa.

Pipa lile, kama bado lina maji, lisimwagwe wala lisitiwe dawa mpaka afisa achukue sampuli yake. Lifunike, lifunge kwa kamba, na mweke mtu mzima karibu nalo ili watoto wasichote.